Inchi Kumi na Tatu za Lempi Niskanen

Lempi Niskanen alishazama katika Ziwa Superior mara moja, Machi ya mwaka 1988, akiwa na gari la posta, magunia mawili ya barua na chupa ya kahawa. Alitokea dirishani, akajivuta juu ya barafu kwa bisibisi mbili alizokuwa nazo mfukoni, akatembea hadi ufukweni huku nguo zikiganda mwilini kama bati. Watu wa Kisiwa cha Quill wakimsimulia mgeni habari hiyo hutikisa vichwa kwa huzuni. Yeye mwenyewe hukasirika tu. Anasema chupa ile ilikuwa mpya.

Ungedhani mtu aliyetoka kwenye kaburi la maji baridi namna ile ataogopa maji. Lempi alitoka akiwa anaogopa wajinga. Mlinzi wa njia ya juu ya barafu wa wakati ule alimwambia barafu ameipima, kumbe aliipima kwa macho, akiwa amesimama mlangoni kwake na kikombe mkononi. Kwa hiyo majira ya baridi yaliyofuata Lempi alikwenda kwenye ofisi ya kijiji, akaiweka keekee, chombo cha kutobolea barafu, juu ya meza, na kusema kuanzia leo napima mimi. Hakuna aliyempigia kura wala aliyempinga. Akaendelea hivyo miaka thelathini na mitano.

Kutoka kisiwani hadi Pikeport, mji ulio bara, ni maili mbili na ushei. Kiangazi unapanda feri, unalamba aiskrimu, umefika. Feri ikishindwa na barafu, unapanda mashua ya feni, chombo bapa chenye mapanga mawili makubwa nyuma, kinachoteleza juu ya barafu na kuelea barafu ikipasuka. Mwendeshaji wake ni Arvo, mdogo wake Lempi, ambaye ile injini imeshamla masikio yote mawili, na mwenye abiria wanaofika bara wakiwa wamesahau majina yao. Barafu ikikomaa, unawasha gari lako na kulipitisha juu ya ziwa kama uko barabarani. Hapo ndipo tunapomhitaji Lempi.

Krismasi ikiisha, watu wa bara hutupa miti yao jalalani. Sisi huipeleka kwenye uzio wa Lempi, nyuzi za dhahabu zikiwa bado zinaning'inia. Barafu ikifika unene anaoutaka yeye, hutoboa shimo, husimika mti, humwaga maji, maji huganda, na mti husimama kana kwamba umeota pale. Mti mmoja kila hatua hamsini, kutoka gati letu hadi Pikeport. Dhoruba ya theluji ikifuta mbingu na ardhi, wewe fuata miti tu.

Sheria yetu haijaandikwa popote: miti ikisimama, njia iko wazi, isiposimama, njia haipo. Hakuna anayeuliza wala anayesoma tangazo. Mtoto wa Quill huijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ya pili ni kwamba juu ya barafu vioo hushushwa vyote na mkanda haufungwi, ili ukizama uwe na pa kutokea. Polisi wa bara wana faini kwa asiyefunga mkanda. Sisi tuna jeneza kwa aliyeufunga.

Na ya tatu ni inchi. Wenye vitabu husema kumi na mbili zinabeba gari. Lempi hutaka kumi na tatu. Ukimuuliza hiyo moja ya ziada ni ya nini, atakuambia ni ya wajinga, kisha atakutazama.

Sasa, baridi ya siku hizi inakuja kama mkwe aliyelazimishwa. Inachelewa, inakaa upenuni, inaondoka bila kuaga. Zamani Lempi alisimika miti kabla ya wiki ya pili ya Januari. Mwaka huu ninaousimulia, mvua ilinyesha siku ya Mwaka Mpya, mvua kabisa ya maji, na watu wakatoka nje kuitazama kama jirani aliyepita bila nguo.

Katikati ya aibu hiyo ya hali ya hewa, kijitabu kikafika. Kilitengenezwa na afisa utalii wa kaunti yetu, Curtis Dufek, kijana wa suruali ya kubana na tabasamu la meno yote, kiwasaidie wageni wanaokuja upande wetu wa Wisconsin. Mimi niliyesomea utalii nusu ya njia na kuishia kukata tiketi za feri nilikisoma kwa heshima zote, kwani ukurasa wa Quill ulikuwa mzuri. Hali ya hewa na usafiri, kimesema. Juni hadi Septemba, joto la kupendeza, feri kila nusu saa. Oktoba hadi Desemba, upepo, vaa koti. Kuanzia wiki ya pili ya Januari, endesha gari lako mwenyewe juu ya ziwa, safari usiyoweza kuisahau. Mashua ya feni haikutajwa hata kwa herufi moja. Dufek alimweleza Arvo kwamba haipendezi kwenye picha. Arvo akamjibu kwamba hata yeye hapendezi kwenye picha, na bado huvusha watu.

Lempi aliusoma ukurasa ule jikoni kwake, akauchana taratibu, akaukunja mara nne na kuuziba nao ufa wa dirisha ulikokuwa ukiingia upepo. Akasema angalau sasa una kazi.

Lakini kijitabu kilikuwa na mtoto. Waandishi kumi na wawili wa habari za safari walikuwa wamealikwa Jumamosi ya tarehe ishirini Januari, waje na basi dogo, wavuke juu ya barafu saa tano asubuhi, wapige picha, walale kwa Royce Bergdahl. Royce ana nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili pale gatini. Si mtu mbaya. Alisoma darasa moja na Arvo, na baba yake alikuwa mvuvi mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Ila baridi tatu mfululizo vyumba vyake vilikuwa vimekaa vitupu, na mtu akikaa na vitanda vitupu muda mrefu huanza kusikiliza sauti zisizo za kawaida, kama ile ya afisa utalii.

Jumatano Dufek alivuka kwa mashua ya feni, akaja kwenye ukumbi wa kijiji akizibua masikio kwa kidole. Watu walijaa. Kulikuwa na kahawa na ule mkate wa iliki wa Kifini ambao bila huo hakuna mkutano unaofika mwisho.

"Shangazi Lempi," alianza. Sisi sote humwita shangazi, lakini mtu wa bara akikuita shangazi ujue kuna jambo. "Kijitabu kimeshasema Januari."

"Basi kaisomee barafu," Lempi akamjibu. "Mimi nilishakisoma."

Dufek akauliza barafu ina inchi ngapi. Lempi akasema saba, na upande wa Pikeport, pale mto unapoingia ziwani, hazifiki tano. Dufek akasema ameona watu wamekaa juu ya barafu hiyo hiyo wanavua samaki. Lempi akamwambia mvuvi ana ratili mia mbili pamoja na bia zake, na basi lile lina tani nne. Au basi nalo limeanza kuvua? Watu wakacheka. Royce hakucheka.

"Lempi, mwenzangu," alisema, "unataka nikae na vyumba kumi na viwili nikihesabu mapazia?"

"Hesabu, Royce. Mapazia hayazami."

Hapo Dufek akaacha kutabasamu, na bila meno yale alionekana mdogo na mwenye hofu ya bosi wake. Akasema wazi mbele ya watu wote: Jumamosi saa tano miti iwe imesimama. Isiposimama, kaunti itamwandikia barua Lempi, na njia ya barafu itapata mlinzi mwingine.

Kila mtu alitazama kahawa yake. Mimi nilikuwa na mkate mdomoni, na niliutafuna muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Hakuna aliyesema neno la kumtetea mwanamke aliyetuvusha miaka thelathini na mitano bila kumpoteza hata mbwa.

Lempi akavaa kofia yake ya machungwa ya kuwindia. Alipofika mlangoni akageuka, akamwambia Dufek barua aiandike kwenye karatasi nene, maana na yenyewe ataipima.

Ijumaa jioni kisiwa kizima huwa mahali pamoja, kwenye baa ya kijiji, tukila samaki wa kukaanga na viazi. Asiyeonekana Ijumaa ni mgonjwa au amegombana na mtu. Royce hakuonekana. Tulidhani anafua mashuka ya wageni. Kumbe alikuwa kwenye uzio wa Lempi na wafanyakazi wake wawili na pikipiki mbili za theluji, wakipakia miti yetu ya Krismasi kwenye matela kama wezi wa kanisani.

Miti themanini na miwili. Waliipanga yote hadi Pikeport kwa kufuata mstari wa mwaka jana, jinsi Royce alivyoukumbuka kichwani. Hawakutoboa shimo hata moja. Walirundika theluji, wakachomeka mti, wakamwaga maji kidogo, wakasonga mbele. Ukitoboa utajua unene, na ukijua unene utalazimika kurudi nyumbani.

Jumamosi saa mbili asubuhi Lempi alitoka na keekee yake kwenda kupima kama kila siku. Usiku barafu haikuganda vizuri. Paa zilikuwa zinadondosha maji. Akakuta uzio mtupu. Akatazama ziwani, akaona mstari wa miti unang'aa nyuzi zake za dhahabu hadi mwisho wa macho, mzuri kuliko miaka yote. Akatazama gatini, akaona magari manne.

Gari la kwanza lilikuwa la Bibi Thora Odegaard, miaka themanini na minne, vibano vya nywele vikiwa vimejaa kichwa kizima. Wiki tano alikuwa hajaenda kwa msusi wake wa Pikeport, kwani mashua ya feni humharibia kichwa kwa upepo. Alikuwa ameamka, amevuta pazia, ameona miti. Hakumpigia mtu simu. Ameshusha vioo vyote vinne, hajafunga mkanda, na magurudumu ya mbele yalikuwa tayari juu ya barafu. Nyuma yake alikuwa mwalimu wa shule, nyuma ya mwalimu nilikuwa mimi, na nyuma yangu fundi bomba. Watu wazima wanne wenye akili zetu, sote tulikuwepo ukumbini Jumatano, sote tulisikia inchi saba na inchi tano kwa masikio yetu. Lakini miti ilikuwa imesimama. Mtu wa Quill akiona miti, mguu unakanyaga mafuta wenyewe.

Lempi hakukimbia. Kwenye barafu ile kukimbia ni kujitakia. Alikuja kwa mwendo wake mfupi wa bata hadi mbele ya gari la Bibi Odegaard, akaweka mkono juu ya boneti.

"Thora, rudi nyuma."

"Miti imesimama, Lempi."

"Sikuisimamisha mimi."

Bibi Odegaard alifikiri. Katika miaka themanini na minne hakuwahi kusikia maneno hayo. "Sasa nani mwingine husimamisha miti?"

"Rudi nyuma kwanza, umbea baadaye."

"Na nywele zangu?"

"Ukiendelea mbele zitaoshwa bure huko chini. Rudi nyuma, mama."

Maji yalikuwa yameanza kupanda kuzunguka magurudumu, maji ya kijivu, taratibu, bila kelele. Bibi Odegaard akachungulia dirishani, akayaona. Akatia gia ya kurudi nyuma, na kwa heshima ya kizee akalirudisha gari hadi likawa lote kwenye changarawe. Kisha akasema neno moja la Kinorwe ambalo mjukuu wake alikataa kunitafsiria.

Lempi alitutazama sisi tulio nyuma, mmoja baada ya mwingine. Afadhali angetutukana. Alisema tu Arvo aje na mashua, na sisi watatu tupande, maana kuna kazi.

Tulikwenda sambamba na mstari ule, Arvo akipunguza mwendo kwenye kila mti, sisi tukiinama pembeni na kung'oa. Miti ilitoka kwa mkono mmoja kama karoti kwenye mchanga. Mti wa familia yangu ulikuwa wa kumi na tisa, niliutambua kwa nyota iliyovunjika. Tulipokaribia Pikeport mashua ilikuwa imebeba msitu mzima, nyuzi za dhahabu zikipeperuka nyuma kama tumeiba harusi. Lempi alisimama mbele, kofia ya machungwa, keekee mkononi.

Ufukweni walikuwa wamejipanga: basi dogo jeupe injini ikinguruma, waandishi kumi na wawili ndani ya makoti mapya, na Dufek na saa yake. Walipotuona, waandishi wote kumi na wawili wakatoa kamera. Walipiga picha ile mashua isiyopendeza kwenye picha hadi Arvo akavua kofia na kuchana nywele kwa vidole.

Dufek alishuka mbio hadi ukingo wa barafu. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayegombana mbele ya wageni, kwamba miti ile irudishwe ilipotolewa, mara moja. Lempi akashuka, akamwekea keekee mikononi.

"Toboa."

"Mimi si fundi wa barafu, shangazi."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Fundi angekataa kuleta basi."

Wageni walikuwa wanatazama, na kijana wa suruali ya kubana hana njia ya kukataa keekee mbele ya kamera. Lempi akamfunga kamba kiunoni kama mbuzi wa sikukuu, akampa Arvo ncha ya pili, na wakatembea yeye na Dufek hadi ulipokuwa mti wa mwisho kabla ya ufukwe, karibu na mdomo wa mto. Dufek akazungusha. Akazungusha tena. Mzunguko wa nne keekee ikazama hadi mpini, na maji yakaruka juu na kumjaa viatuni, vile viatu vya ngozi alivyovivaa kwa ajili ya picha. Lempi akashusha kijiti chake chenye alama, akakiegesha chini ya barafu, akamwambia asome.

Dufek akasoma kimoyomoyo.

"Sema wakusikie. Wametoka mbali."

"Nne na nusu," akasema Dufek.

Dereva wa basi, mwanamume mnene ambaye asubuhi nzima hakuwa amesema na mtu, akazima injini. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akafunga zipu ya mfuko.

Ungesema yameisha. Lakini mtu aliyesahihishwa mbele ya watu kumi na wawili hasamehi upesi. Dufek alipofika nchi kavu, viatu vikilia chwa chwa, alisema kupima ni jambo moja na utaratibu ni jingine. Lempi ameng'oa alama za njia bila kibali, amekaidi ofisi, barua inakuja.

"Ilete," Lempi akamwambia. "Ila panda na mashua ya feni, maana njia imefungwa."

Wageni walivuka na Arvo, sita kwa sita, wakikalia miti ya Krismasi. Mmoja alilia na kucheka kwa pamoja njia nzima. Walilala kwa Royce, na Royce aliwapakulia supu bila kuinua macho, akijua kila aliyepita dirishani alikuwa amepita makusudi ili amtazame.

Barua ilifika Jumanne. Karatasi yake ilikuwa nyepesi. Mlinzi wa njia ya barafu, kuanzia siku hiyo, ni Bwana Royce Bergdahl.

Wengine tulitarajia Lempi apige kelele, aende kwa mwanasheria, aseme nilitoka majini mimi. Alichukua ndoo, akaenda kuvua. Kila asubuhi alitoboa tundu lake, akakaa juu ya ndoo akiwa ameupa mgongo mji, na kila aliyejaribu kumpa pole alijibiwa kwamba anawafukuza samaki. Nilimwuliza siku moja kama hatapima tena. Akaniambia nimwulize mlinzi.

Kisha baridi yenyewe ikaja, kwa ghafla na kwa hasira, kama aliyesengenywa akasikia. Wiki mbili za upepo wa kaskazini, kope zikishikana ukifumba macho. Usiku barafu ilikuwa inanguruma na kupiga mizinga chini ya nyumba, na hiyo ndiyo sauti tunayolala nayo vizuri. Royce alipima. Jamani, alipima. Alitoboa mashimo mengi hadi ziwa likawa kama jibini. Tarehe nane Februari akaja kwenye uzio wa Lempi mchana kweupe, kofia mkononi, akaomba miti. Lempi akamwambia miti si yake, ni ya watu, achukue. Na kwamba mara hii ameiomba kama mtu aliyezaliwa na mama. Royce akaisimika siku mbili nzima, kila mti kwenye shimo lake, maji yakaganda, kazi safi.

Jumamosi ya tarehe kumi asubuhi magari yalijipanga gatini hadi kanisani. Bibi Odegaard mbele, na vibano vyake. Vioo vimeshushwa, mikanda imefunguliwa, injini zinatoa moshi. Miti imesimama. Royce akatangaza njia iko wazi, akapunga mkono kama mtu anayefungua daraja.

Hakuna gari lililosogea.

"Twendeni basi," akasema Royce.

Bibi Odegaard akatoa kichwa. "Lempi yuko wapi?"

"Lempi si mlinzi, bibi. Mlinzi ni mimi. Barua hii hapa."

Bibi Odegaard aliitazama ile barua kama mtu anavyotazama samaki wa juzi. Kisha akapandisha kioo. Nyuma yake mwalimu akapandisha chake. Nikapandisha changu. Ukasikia vioo vikipanda hadi kanisani, kimoja kimoja, pamoja na vya gari la mke wa Royce lililokuwa la sita.

Sheria ya miti, ambayo babu zetu waliishi nayo, ilikufa asubuhi ile. Tulikuwa tumedanganywa na mti mara moja tu, na mara moja inatosha.

Royce akapanda kilima kwa miguu hadi kwa Lempi. Nilimfuata, kwa sababu kitu kama hicho hakiachwi kipite. Lempi alikuwa kwenye ngazi za nyuma anasafisha samaki.

"Wamegoma," Royce akasema.

"Nani?"

"Wote. Hata mke wangu."

"Ulipima?"

"Kumi na tatu na nusu. Pale mtoni kumi na tatu kamili. Mashimo arobaini, Lempi, nakuapia."

"Basi si ni njia yako? Endesha wakuone."

Royce akatazama mikono yake. Ilikuwa imepasuka kwa baridi, mikono ya baba yake yule mvuvi. "Naogopa," akasema.

Lempi akafuta kisu kwenye suruali. "Sasa angalau umeanza kazi."

Alishuka na keekee begani. Alipotokea gatini hakuna aliyeshangilia, ila vioo vilianza kushuka tena, na yeye akavinyooshea kidole vibaki chini. Akasema wazi ili wa mwisho kanisani asikie: kati ya gari na gari miti mitatu, atakayemkaribia mwenzake atarudi na Arvo. Atakayepiga honi atarudi kwa miguu. Na wa kwanza kwenda ni mlinzi.

"Na gari langu?" akauliza Royce. Lake ni lile kubwa la kubebea wageni.

"Zito ndilo zuri. Likipita hilo, Thora atapita akiimba."

Kisha akatangulia yeye. Kwa miguu, kofia ya machungwa, hatua za bata. Kwenye kila mti alisimama, akaacha shimo la Royce, akachagua mahali pake mwenyewe na kutoboa. Akashusha kijiti, akasoma, akainua mkono. Royce akasogea hatua hamsini, mikono miwili kwenye usukani kama anaogelea, mlango wazi kidogo. Nyuma yake kisiwa kizima kilifuata kwa mwendo wa mwanamke wa miaka sitini na minane mwenye keekee. Kwenye mti wa thelathini na moja hakuridhika. Akaung'oa na kuuhamishia kushoto hatua sita, na Royce akangoja. Maili mbili kwa saa mbili na nusu. Hakuna aliyepiga honi.

Karibu na mdomo wa mto simu ya Royce ikalia. Vioo viko wazi na ziwa likikaa kimya husikika hadi kikohozi, kwa hiyo tulisikia, na ya upande wa pili Royce alitusimulia baadaye. Alikuwa Dufek, anapiga kutoka ofisini kwake Pikeport. Alikuwa ameona magari kutoka dirishani. Akauliza mbona kaunti haikuarifiwa, na nani ameifungua njia.

Royce akamtazama mwanamke aliye mbele yake, ameinama juu ya shimo, akisoma kijiti chake bila haraka yoyote duniani.

"Haijafunguliwa bado," akasema. "Anaifungua sasa hivi."